Kiwanja cha Ndundu na Haki ya Watani

Watoto wa marehemu kaka yangu, wale waliosomea mjini, wakija kunisalimia hawachelewi kuanza. "Shangazi, hebu tuambie. Babu yenu na wale Mabaniani walikuja kutoka Bara Hindi wakati mmoja, wakafungua maduka yanayotazamana. Wao wametoka, nyie mmebaki. Kwa nini?" Wanauliza huku wanakula wali wangu. Nawaambia kuleni kwanza, mkishiba mtauliza vizuri. Lakini moyoni huwa nimeshachemka.

Swali hilo halikuanza na wao. Nililikuta nyumbani, enzi za Mwingereza, mdomoni mwa Dadima, mama yake baba. Alikuwa akikaa kwenye kigoda barazani, Kibiti hapo, funguo za duka amezifunga kwenye pindo la mtandio, kidevu amekielekeza upande wa pili wa barabara. "Tazama ng'ambo!" Asubuhi, tazama ng'ambo. Mchana, tazama ng'ambo. Ng'ambo palikuwa na duka la Baniani, bati jipya, mlango umepakwa rangi, ndugu wanaume wote wanakula chungu kimoja na kulala juu ya kaunta wakilinda mali. Huku kwetu makuti yanavuja.

Sitaki kuwasingizia. Walikuwa wachapa kazi, na mizani yao haikuwa na hila. Watu walipenda kusema "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", mimi ubaya wake sikuuona. Tofauti ilikuwa nyingine. Wao walioa kwao. Bibi harusi alitoka Gujarati, akaingia ndani, na hakuja shemeji, mjomba wala binamu kugonga mlango. Baba yangu, Mwislamu wa Kachi, huko huko Bara Hindi, alioa Mndengereko wa Salale, kwenye delta ya Rufiji. Wajomba zangu wakituletea kamba wakavu kutoka huko, duka zima likawa linanuka kamba, na kila aliyeleta kamba aliondoka na chumvi, na aliyekuja kusalimia tu naye aliondoka na chumvi. Dadima akiona hayo anapiga paja. "Mwanangu hakuoa mke, kaoa kijiji!"

Mama alikuwa anasikia. Anaendelea kupepeta mchele wake kama hakusikia.

Basi ukafika mwaka ambao malori yaliacha kusimama Kibiti. Yote yalikuwa yanakimbilia Ndundu, kuwahi pantoni la kuvukia Rufiji, na mto ukijaa watu walikaa hapo siku nyingi wakisubiri, wanataka unga, sukari, mafuta ya taa, blanketi. Ndundu ndiko kulikokuwa na riziki. Kibiti sisi na jirani tukabaki tunatazamana kama paka wawili. Ndipo Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya wa Kiingereza, akatangaza kwamba atatoa kiwanja kimoja cha duka pale pantoni, kimoja tu, na atakagua maduka yetu mawili aone nani ana bidhaa za kutosha na nani anajua kutunza mali.

Baba alikonda. Kila alichokipata tangu mavuno kiliingia dukani, sisi tukala mseto mpaka nikauchukia. Majora ya kaniki yakafika darini, majembe mapya yakapangwa ukutani, magunia ya chumvi, mikebe ya samli. Mama aliwaomba ndugu zake wasije kwanza, nao wakaelewa. Baba akaniambia, "Mwanangu, tukikikosa kiwanja hiki, duka litafungwa, nami nitarudi kuwa mchuuzi wa kubeba mzigo begani kama babu yako alivyoanza." Nilikuwa mwari wa kuolewa, nikaelewa vizuri sana.

Siku ya ukaguzi, alfajiri, Dadima akafa.

Alikufa amekaa, kidevu kimeelekea barabarani. Mama ndiye aliyemfumba macho, akafungua zile funguo kwenye pindo, akanipa. Baba alilia kidogo, akanawa uso, akanishika bega. "Funguo hizi zisitoke mkononi mwako. Duka lisifunguliwe mpaka Bwana Shauri apite. Tutamzika adhuhuri." Akaenda na wanaume makaburini.

Sasa hapo ndipo wasomi wangu wa mjini wanapotakiwa kusikiliza. Ukioa Mndengereko umeoa na watani wake. Ukoo wa watani wa mama ulikuwa Mahege, na mtani hangoji barua. Msiba ni wake. Yeye atachimba kaburi, yeye atabeba maji, yeye atamtania marehemu mpaka waliofiwa wacheke, na yeye atachukua haki yake humo nyumbani, chochote anachokitamani, na wewe humzuii. Ukimzuia umemwambia kwamba si ndugu, na siku nyingine utajichimbia kaburi mwenyewe.

Waliingia uani jua likiwa limepanda. Mbele yao mwanamke mrefu mwenye pengo, ambaye mama alimwita Bibi Mtani. Akanivua mtandio bila kuniomba, akajifunika yeye, akakaa kwenye kigoda cha Dadima, akatoa kidevu. "Tazama ng'ambo! Tazama ng'ambo! Nimekufa bado natazama, mwanizibia!"

Jamani, alikuwa Dadima mtupu! Wanawake waliokuwa wanalia wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilitamani kumzaba kofi. Bibi yangu hajakaa kaburini, mtu anamfanyia mzaha?

Wakati maiti imeshakwisha oshwa na kuvikwa sanda, wanaume wakarudi kuchukua jeneza. Bibi Mtani akalala kizingitini, chali, mikono kifuani.

"Halipiti," akasema. "Haki yetu iko dukani."

"Dukani leo hapaingiliki," nikamwambia, ngumi imefumba funguo. "Chukua kuku. Chukua mbuzi."

"Kuku tunao. Huyu bibi alituita kijiji kizima kinachokula chumvi yake, leo tunataka tuile kwelikweli. Fungua, we mjukuu wa ng'ambo!"

Nikamtazama mama. Akatazama chini. Baba alikuwa amesimama nyuma ya jeneza, udongo wa kaburi umemkauka miguuni, na masikio yake, niliona wazi, yako barabarani yanasikiliza gari. Alijua na mimi nilijua. Akisema hapana, jeneza litakaa, na mama atakuwa mke asiye na watu. Akisema ndiyo, ukaguzi umekwisha kabla ya kuanza. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Fungua," akaniambia.

"Baba!"

"Nimesema fungua, mwanangu. Bibi yako anasubiri."

Nikafungua. Kwa hasira nikakosea tundu la kufuli mara mbili, funguo zinagongana. Wakaingia kwa vigelegele. Huyu na jembe, huyu na mkebe wa samli, Bibi Mtani na jora zima la kaniki, linamfunguka nyuma yake barabarani, analiburuta huku anaimba kwamba Dadima kamwachia urithi.

Na gari la Bwana Shauri likasimama papo hapo, gurudumu juu ya kaniki yetu.

Askari aliruka chini kabla ya kuambiwa, akamkamata Bibi Mtani mkono. Wengine wakasimama na vitu vyao. Jirani yetu Baniani alikuwa amekuja kutupa pole, amesimama pembeni ya barabara bila viatu, kwa heshima. Nyuma yake duka lake limefungwa, safi, komeo limepita.

Bwana Shauri akashuka, akatazama mlango wetu ulioachwa wazi, akamtazama baba. "Hawa watu wanaiba?"

Hilo lilikuwa swali dogo sana. Ndiyo moja tu, na askari angewapeleka boma la Utete, vitu vingerudi rafuni, na baba angeonekana mwenye duka aliyevamiwa akiwa msibani, mtu wa kuhurumiwa. Kiwanja kilikuwa bado kinapatikana. Nilimtazama baba nikamwombea aseme. Haki ya Mungu, nilimwombea aseme.

"Hawaibi, Bwana," baba akasema. "Wanachukua chao."

"Chao? Duka ni lako au lao?"

"Duka ni langu. Msiba ni wao."

Bwana Shauri alikunja uso, akageuka kwa jirani. "Wewe unakaa hapa. Ni kweli?"

Jirani alijua. Ametukaa mbele miaka yote, ameona misiba ya Kibiti mingi, anajua utani ni nini. Neno lake moja lingetosha. Aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake, akanyamaza. Akanyamaza tu, hivyo hivyo, mpaka Mwingereza akachoka kungoja.

"Mtu ambaye duka lake linabebwa mbele ya macho yake," Bwana Shauri akamwambia baba, "nimpe vipi la Ndundu?" Askari akamwachia Bibi Mtani. Gari likaondoka, nasi tukaenda kuzika.

Kiwanja akakipata jirani. Na mengine ndiyo hayo wanayoyajua watoto wa kaka yangu. Baniani akahamia Ndundu na mkewe na nduguye mmoja, wengine wakahamia Dar es Salaam, ghala zikawa mbili, akanunua lori, wanawe wakapelekwa huko huko Dar kusoma na kufungua maduka ya mjini. Sisi tukabaki na rafu za chumvi na mafuta ya taa, na baba, Mhindi wa watu, akashika jembe akalima mpunga bondeni na wajomba zangu. Jamaa zake wa mjini walipopita walimcheka. "Si ulioa Mswahili? Ndiyo faida yake." Mama akawapikia, wakala, wakamcheka tena.

Mimi ile kuinamisha kichwa sikuisahau. Nilikuwa nikipita Ndundu naliona lile duka nageuza uso.

Kisha ikaja masika mbaya, bado tuko chini ya Mwingereza huyo huyo. Barabara ya Dar ilikatika. Asubuhi moja lori la jirani likasimama mlangoni petu limejaa tope, akashuka mkewe, peke yake, kichwa kimelowa. Nilikuwa simjui sauti. Miaka yote ile hakuwahi kuvuka barabara.

"Bhai, kaka yangu," akamwambia baba, "mume wangu amefariki jana jioni. Wanangu wako Dar, hawawezi kupita. Vibarua wa pantoni nimewaomba wabebe kuni na kitanda chake mpaka mtoni, wamekataa. Wanasema kumchoma mtu ni haramu, hata nikiwapa nini hawagusi. Shemeji yangu ni mzee, hawezi kuinua debe la maji. Wale watu wenu. Wa siku ile. Naweza kuwakodi?"

Aliyejibu ni mama, naye alikuwa hajatia neno katika biashara tangu aolewe.

"Watani hawakodiwi, dada."

Yule mjane akafunika uso. Mimi, nisifiche, nilisikia raha. Nikasema moyoni, haya, mwenye ghala mbili, ulie.

Lakini mama alikuwa ameshavaa khanga ya msiba, ametwaa mwavuli. "Mumeo alikaa mbele ya mlango wangu tangu nilipoletwa hapa. Jirani ni ndugu. Twende Mahege. Nitawaambia nimefiwa na shemeji yangu, na mtani akiambiwa hivyo haulizi dini."

Hawakuuliza. Walipanda lori na kuni zao kavu za darini, wakishikilia turubai mvua isizilowese, Bibi Mtani mbele pengo limeongezeka. Tulifika Ndundu mchana. Marehemu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha mianzi, amefunikwa shuka nyeupe, nduguye ana chungu cha moto mkononi. Wanaume wakainama kumwinua.

Bibi Mtani akalala kizingitini.

Mjane akaruka nyuma. Akamtazama yule bibi aliyelala chali mlangoni mwake, akamtazama baba. "Anataka nini?"

"Haki yake," baba akasema taratibu. "Fungua duka."

Akafungua, funguo zinagongana mkononi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na mkono ule niliujua, ndio wangu wa siku ile. Bibi Mtani akanyanyuka, akaingia ndani akapita majora, akapita majembe, akapita samli, akatoka na jozi ya viatu vya marehemu vilivyokuwa chini ya kaunta. Akaviweka chini kando ya mlango. Akasimama mbele yetu sote bila viatu, mikono ameishusha, akainamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake. Akanyamaza.

Akanyamaza hivyo hivyo, muda mrefu, mvua inampiga.

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na mama naye, na watani wote wakapiga vigelegele, na mimi, niliyekuwa nimeibeba ile kuinama miaka yote, nikasikia kicheko kinanitoka na machozi pamoja. Mjane alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

"Anamfanya mume wangu," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akisimama. Kila ikitajwa siku ile, ndivyo alivyokuwa akisimama." Na hapo akalia kwa sauti, kilio cha kwanza tulichokisikia kwake, mama akamkumbatia.

Bibi Mtani akavaa viatu vya Baniani, vikubwa, vinapwaya. Akaondoka kizingitini, akashika mguu mmoja wa kitanda.

"Haya," akasema, "mtoeni ndugu yetu."