Mradi wa Kutogusa Kitu

Mtaa ule ulikuwa na misimu mitatu: kiangazi, mvua na machungwa.

Machungwa hayakuwa matunda. Walikuwa vijana wa Mpango wa Kujitolea wa serikali, walioshushwa pale zahanati kila baada ya miezi sita, wanne wanne, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye maandishi mgongoni marefu kiasi kwamba ukitaka kuyamaliza inabidi umfuate mtu hadi chooni. Wakishuka tu, habari inapita nyumba kwa nyumba kuwa machungwa yameingia. Na ndani ya chumba cha masjala, nyuma ya kidirisha chenye wavu, Mama Faili anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni, anaivaa tena, kisha anasema peke yake: "Haya. Tuanze tena a, e, i, o, u."

Alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye hati ya mshahara, basi. Hata mume wake, fundi viatu, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni, alimwita Mama Faili, na siku akiwa na hasira naye alimwita Masjala.

Sasa kuhusu rafu. Lazima uielewe rafu, maana kesi yote iko hapo.

Ilikuwa rafu ya mbao iliyoshika ukuta mzima. Faili zake hazikupangwa kwa namba wala kwa herufi. Zilipangwa vile nyumba zilivyosimama mtaani. Kona ya chini kushoto ni bombani, mtaa unapoanzia. Kona ya juu kulia ni kwenye machimbo ya kokoto, mtaa unapoishia. Kila nyumba na bahasha yake kubwa ya kaki, na ndani yake watu wote wa nyumba hiyo, kuanzia bibi mwenye presha hadi mtoto wa juzi. Mama anakuja na mtoto anachemka homa, kadi imeliwa na mbuzi, jina la mtoto limebadilishwa mara mbili na ukoo wa baba, na namba ya usajili haijui hata umtishie bunduki. Mama Faili anauliza kitu kimoja tu: unakaa wapi? Nyuma ya kinyozi, mlango wa bluu. Mkono unakwenda wenyewe.

Na rafu ile ilikuwa na akili kuliko watu kadhaa waliowahi kuikagua. Siku moja bahasha tatu zinazofuatana zilitolewa asubuhi hiyo hiyo, zote za upande wa kisima kimoja, zote tumbo la kuhara. Mama Faili aliziangalia zile nafasi tatu wazi kama mtu anayeangalia pengo kwenye meno, akamwita mganga mkuu, na kisima kikafungwa kabla ya chakula cha mchana.

Tusiwaonee machungwa. Kundi la kwanza lilichimba mtaro wa maji machafu kuanzia zahanati hadi barabarani, na mbu walipungua kweli, watu wakalala bila kujipiga makofi. Tatizo lilikuja na fomu. Huko makao makuu mtu mmoja alibuni fomu ya kumalizia muda, yenye sehemu iliyoandikwa "Alama mliyoacha" na visanduku viwili vya picha, Kabla na Baada. Bila picha mbili zisizofanana, hakuna cheti.

Basi ikawa balaa. Kundi la pili likatengeneza benchi la wagonjwa. La tatu likalipaka rangi benchi. La nne likalivunja benchi, likapata ubao wa matangazo. La tano likapanda maua, na mahali penye udongo laini uliochimbuka vizuri palikuwa ni kwenye mtaro, kwa hiyo wakaufukia. La sita likachimba mtaro, likapongezwa kwa ubunifu. Ukuta wa mbele ulipakwa rangi mara saba, hadi mlango wa stoo ukagoma kufunguka kwa unene wa rangi, na dawa za minyoo zikakaa ndani wiki mbili zikisubiri seremala.

Na kila chungwa liliposhuka, mtu wa kuajiriwa alipanda gari kuondoka. Msaidizi wa Mama Faili alihamishwa, hakuletwa mwingine. Ofisi ya wilaya ilisema mna vijana wanne. Mfagiaji alistaafu, ikawa hivyo hivyo. Mama Faili akafundisha rafu. Mwezi wa kwanza vijana wanacheka. Wa tatu wanaanza kuelewa. Wa tano wanatoa bahasha bila kuuliza. Wa sita wanapiga picha ya pamoja, wanalia kidogo, wanaondoka. Alikuwa amefundisha makundi tisa. Sauti ya kufundishia ilikuwa imeanza kukatika kama redio yenye betri za mwisho.

Kwenye kundi la kumi akaja binti mmoja, mrefu, mkavu, ambaye kabla ya wiki kuisha zahanati nzima ilimwita Kwanini. Kwa nini nyumba ya muuza mkaa iko rafu ya pili na si ya tatu? Kwa nini wapangaji wana bahasha yao? Kwa nini huyu amewekewa alama nyekundu? Mama Faili alilalamika nyumbani kwamba serikali imemletea mtoto wa darasa la kwanza mwenye miguu ya twiga. Fundi viatu akatema misumari mkononi, akamuuliza mbona leo analalamika huku anacheka.

Mwezi wa nne Kwanini alikuwa anaijua rafu kama nyumba yao. Na Mama Faili alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi wa sita. Akaona mlango umefunguka. Akaandika barua wilayani: mimi naondoka, huyu binti anaweza, mwajirini. Akaandika ya pili. Ya tatu akaipeleka mwenyewe, akagongewa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yake, muhuri mzuri, wa bluu. Majibu hayakuja. Kila jioni alipofunga kidirisha aliitazama ile rafu na kujiuliza nani ataishika. Jibu likiwa "hakuna," basi mtaa mzima ulikuwa unasubiri siku mtu achomwe sindano isiyomfaa.

Zimebaki wiki mbili, Kwanini akaitwa makao makuu kwenye semina ya kuaga, kuwakilisha kundi. Wakabaki watatu, wakiongozwa na kijana waliyemwita Mwenyekiti kwa sababu hakuwahi kukaa mahali bila kufungua kikao. Na hao watatu hawakuwa na alama ya kuacha. Ukuta umepakwa, mtaro upo, benchi halipo lakini ubao upo. Wakakodoa macho huku na huku kama watu waliokuta meza imeshaliwa, kisha macho yakatua kwenye rafu.

Nia yao ilikuwa njema, na hapo ndipo inapouma. Walitaka iwe zawadi ya kumuaga mama. Jumamosi wakaja na funguo za mganga mkuu, wakafungua kila bahasha, wakatoa kila mtu kwenye nyumba yake, wakawapanga wote kwa namba ya usajili, moja hadi elfu nne na ushee. Bahasha kuukuu wakazichoma nyuma ya choo. Wakafunga utepe mwekundu kwenye rafu.

Jumatatu, siku ya kliniki ya watoto, Mama Faili alifungua mlango akakuta utepe.

Mwenyekiti alianza hotuba fupi. Alipofika kwenye "kwa niaba ya wenzangu," Mama Faili alichukua mkoba wake, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi pamoja na kina mama waliosubiri. Jirani yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema ndiyo, anaumwa Mpango.

Ndani ya saa moja foleni ilifika getini. Namba yako? Sijui. Jina la mtoto? Lipi? Mwenyekiti alikuwa anaoga jasho, wenzake wanapekua sakafuni, na muuguzi alisimama na bomba la sindano mkononi kwa sababu kuna mtoto mmoja, wa upande wa machimbo, ambaye chanjo iliyopita ilimvimbisha uso mzima, na faili yake ina alama nyekundu, na hakuna aliyejua ni yupi kati ya hawa mapacha wawili waliokuwa wanamkodolea macho. Mama yao alikuwa kibaruani. Aliyewaleta ni shangazi, naye alikuwa mgeni mtaani kama sindano yenyewe.

Ndipo gari la wilaya likaingia. Akashuka ofisa wa Mpango, ambaye mtaani walimwita Mzee wa Picha, na kamera yake shingoni. Alikuwa amekuja kuona Baada. Aliikuta Baada imekaa sakafuni inatafuta faili.

Akamfuata Mama Faili pale kwenye ngazi, akamwamkia vizuri, akamwomba asaidie.

"Nafanya mazoezi ya kustaafu, mzee," akasema Mama Faili. "Niache nizoee."

Lakini pacha mmoja akaanza kulia, na miaka thelathini na moja haivuliwi kama kiatu. Aliinuka akiguna, akaingia, akasimama mbele ya rafu, akanyoosha mkono. Mkono haukwenda popote. Ulining'inia hewani kama mkono wa mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya watu. Hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa anadhani mtaa uko kichwani mwake, kumbe ulikuwa kwenye mbao.

Saa ile ile akaingia Kwanini, begi la safari begani, vumbi hadi kwenye kope. Akaiangalia rafu. Akauangalia utepe.

"Kwa nini?" akasema.



Binti akaweka begi chini. Akatazama nje, ile foleni ya kina mama, mabibi na watoto. "Mama," akasema, "kwa nini tusiwapange wao kwanza?"

Wakatoka nje. Wa bombani hapa, karibu na geti. Wa machimbo kule, mwisho wa uwanja. Katikati jipangeni kama mnavyokaa. Nyumba zisizo na mtu, watoto wakatumwa kuziita. Kukawa na vurugu ya dakika kumi, watu wakibishana nani anapakana na nani. Wanawake wawili waliogombania ukuta wakakataa kusimama pamoja hadi wakawekewa mtu katikati, ambaye ni kweli alikuwa anakaa katikati. Kisha mtaa ukawa umesimama uwanjani, nyumba kwa nyumba. Machungwa wakatoa faili mafungu mafungu, wakatembea wakisoma majina, na watu wakadaka: huyu wangu, huyu jirani, huyu alihama, huyu marehemu, mpe pole dada yake. Mzee mmoja wa machimbo akasema pacha mwenye alama ni yule mwenye kovu la nyusi, anamjua, ndiye huwa anamwibia fimbo. Faili ikapatikana, ikakubaliana na mzee. Muuguzi akashusha pumzi.

Hadi jua linainama rafu ilikuwa imerudi, pungufu kidogo, kwenye bahasha za magazeti yaliyokunjwa. Mzee wa Picha alikuwa amepiga picha mpaka kidole kimekufa ganzi. Akasema huo ndio ubunifu unaotakiwa, na kundi litapata cheti cha daraja la kwanza.

"Mwajiri huyu binti," Mama Faili akamwambia.

"Mama yangu, nafasi haiko wazi. Imejazwa."

"Na nani?"

"Na Mpango."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza ni saa ngapi. Mama Faili alimtazama, akatafuta neno, akakuta yote hayasemeki mbele ya watoto.

Kwanini aliondoka na cheti chake. Alipata kazi kwenye ghala la saruji, mji wa pili, kuhesabu mifuko. Hupiga simu siku ya kliniki kuuliza kama wapangaji wa kinyozi wameshahama.

Mama Faili alistaafu Ijumaa. Jumatatu kina mama wanne walikuwa mlangoni kwake na watoto migongoni, wakimwomba aje tu dakika moja. Jumatano ikaja barua kutoka wilayani, ya kwanza kumjibu maishani, ikimjulisha kuwa Mpango sasa unapokea pia wastaafu. Ndani ya bahasha kulikuwa na kizibao. Fundi viatu alikiangalia, akasema mshono wake ni wa hovyo, akakaa kuurudia bila kuulizwa.

Kundi la kumi na moja liliposhuka lilimkuta nyuma ya kidirisha, chungwa la tano, miwani puani. Vijana wakaitazama rafu kwa lile jicho la kutafuta mradi. Akawaambia hiyo imeshachukuliwa, ina mwenyewe, wakachimbe mtaro.

Miezi sita ikapita. Akajaza fomu kwa mwandiko wake wa masjala. Jina la mradi: Kutogusa Kitu. Kwenye Kabla akabandika picha ya rafu. Kwenye Baada akabandika picha ya rafu.

Mzee wa Picha akapiga simu, sauti imejaa huruma, akasema pengine mama amekosea, picha zote mbili zinafanana.

"Zinafanana, ndiyo," akasema Mama Faili. "Unajua ilivyokuwa kazi?"

Akakata simu, akamgeukia mama aliyekuwa dirishani na mtoto mwenye homa begani, akamuuliza anakaa wapi.