Mvua Ilipofika Kapelani Naviundu

Kapela yetu ilinuka rangi mbichi wiki nzima. Tulikuwa tukimngoja askofu aje Jumapili kubariki mabenchi mapya, na wanaume wa jumuiya yetu pale Naviundu walikuwa wamepaka kuta nyeupe toka juu hadi chini na kusugua sakafu kwa nta nyekundu iliyonata kwenye nyayo. Baba yangu ndiye aliyesimamia yote. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mwana wa mfanyakazi wa reli, mtu wa saa na filimbi, na kila mtu alimwita Papa Prezida kwa sababu ndiye aliyeongoza jumuiya. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nikimfuata nyuma kwa majivuno, maana hakuna aliyejua kusema habari za Mungu kama yeye. Kila Alhamisi Kuu alitueleza jinsi Bwana alivyojifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu, na sauti yake ilitetemeka mpaka wamama wakatoa machozi. "Kiongozi ni mutumishi," alisema. Nami niliamini kwamba kusema vizuri na kuwa mwema ni kitu kimoja.

Jumatano ya wiki ile mvua ilinyesha toka alfajiri. Kufika saa nane mchana mto ulikuwa umefurika, ukaingia katika nyumba za matofali mabichi zilizokuwa kando yake. Tuliwaona watu wakipanda mteremko, magodoro kichwani, kuku kwapani, wakija moja kwa moja kapelani, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine kubwa huku juu. Baba alisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, ameshika mwavuli, nami ubavuni pake. Aliyetangulia alikuwa mke kijana wa fundi baiskeli. Tulimwita Mama Béa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye siku ile alikuwa na miezi mitatu na alikuwa mgongoni chini ya kitenge kilicholowa chapachapa.

"Papa Prezida, utufungulie. Batoto banatetemeka."

"Mon père haiko," baba alijibu, akimaanisha padri wetu. "Iko ku Kilwa, kule ku ziwa, na barabara imeharibika. Bila ruhusa yake siwezi kufungula."

"Ruhusa ya kujificha mvua?" aliuliza mzee mmoja.

"Rangi haijakauka muzuri, na Monseigneur anakuya Jumapili. Mungoye kidogo. Nitatuma mutu ku paroisse, kwa mapadri bengine, aulize."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Walingoja chini ya ukingo wa bati saa nzima, kisha saa ya pili, upepo ukiwamwagia maji usoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti la baba. Nilijua pia ulipokuwa ufunguo wa pili: kabatini kwetu, chini ya vitambaa vya altare, hatua hamsini tu kutoka pale. Ningeweza kukimbia. Sikukimbia. Sikuogopa kipigo, baba hakuwahi kunipiga. Niliogopa kumpunguza mbele za watu. Kwa hiyo nilisimama chini ya mwavuli wake, mkavu, nikamtazama Mama Béa akikamua pembe ya kitenge chake.

Aliyekuja kuwachukua ni Mama Ntumba, mjane wa Kikasai aliyeuza mikate ya kukaanga karibu na shule. Katika jumuiya hakuwa na cheo chochote. Alipoomba kusoma somo kwenye Misa, walimkatalia kwa kisingizio kwamba Kiswahili chake ni kibovu. Alifika miguu mitupu, akatazama kufuli, akamtazama baba. "Mukuye kwangu," aliwaambia wengine. "Nyumba iko kidogo, lakini tutaenea." Akamtoa mtoto mgongoni mwa mama yake, akamtia kifuani ndani ya blauzi yake mwenyewe, akatangulia njia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Zaidi ya watu ishirini walienea katika vyumba vyake viwili.

Ijumaa mtoto alianza kukohoa. Alifariki hospitalini Jumapili asubuhi, wakati sisi tukiimba kumpokea askofu. Mama Ntumba alingoja Misa imalizike, kisha akamfuata baba mezani, uani, ambako wageni walikuwa wakikaribishwa chakula. Aliinama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Papa, Béa alikufa. Kuya utuombee." Baba alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwa askofu. "Nitakuya nikimaliza kula," alisema. Askofu hakuambiwa kitu. Kesho yake, makaburini, baba alisali vizuri kuliko siku zote, na Mama Béa hakuinua macho.

Baba aliongoza miaka tisa mingine. Sasa amepita themanini, anaishi kwangu, na mwaka jana nilimuuliza juu ya siku ile. "Nilitii," alijibu. "Kiongozi lazima atii." Mama Ntumba alikwisha kufa, wala hakuna aliyewahi kumchagua kuwa chochote. Kapela imekuwa kanisa kubwa lenye ukuta na mlinzi. Wakubwa wanatoka Golf, mtaa wa matajiri, kwa magari ya vioo vyeusi, wanatusomea habari za Bwana aliyeosha miguu, tunawapigia makofi, na mto unaendelea kufurika kila masika. Zamani nilidhani kasoro ya baba ilikuwa yake peke yake. Siku hizi namwona katika kila kiti cha mbele.

Mwezi uliopita wamama wa jumuiya walitaka kunichagua niwaongoze. Nilikataa, wala sikuwaambia habari ya ufunguo wa kabatini. Wakasifu unyenyekevu wangu, nami nikawaacha wasifu. Mama Béa, ambaye mpaka leo tunamwita kwa jina hilo, ndiye aliyenitaja wa kwanza. Ni yeye pekee ambaye hakuniuliza kwa nini nakataa.