Kamba na Karai

Mafuta yakianza kufuka kwenye karai, kabla andazi la kwanza halijatiwa, hutoa harufu kali inayokwama kooni. Nikiisikia popote, hata kwa jirani, hutazama miguu yangu kwanza. Miaka yote hii bado natafuta kamba.

Tuliishi mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, na mama alikuwa akipika mandazi uani kila asubuhi kwa ajili ya watu wa kazini. Sheria yake ilikuwa moja: asiruke mtu kamba karibu na jiko. Nilikuwa na miaka minane na kamba mpya ya katani, na sheria hiyo niliiona ya watoto wadogo. Kamba ikanasa mkono wa karai, nami nikaivuta. Mama alikuwa amenipa mgongo, akikata unga uliokandwa. Mafuta yalimmwagikia mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi vidole.

Nilikimbia, tena si kwenda kuita mtu. Nilikimbilia chooni nikaitupa kamba shimoni. Majirani ndio waliosikia kilio chake wakampeleka hospitali. Aliporudi alimwambia kila mtu, hata baba, kwamba karai liliteleza. Habari ya kamba hakuniuliza hata siku moja, wala sikujua kama aliiona.

Mateso yangu yalianza mkono ulipopona. Kanisani kwetu kulikuwa na kipindi cha ushuhuda kila Jumapili, na mama hakukikosa. Alisimama, akaukunja mkono wa gauni hadi kiwikoni, bila haya.

“Bwana asifiwe.”

“Amen.”

“Mnaujua huu mkono wangu. Siku hiyo nilikuwa napika mandazi. Halafu…”

Hapo alinyamaza na kutazama benchi za watoto. Niliinama nikajifanya nafunga viatu. Kisha aliendelea, “Halafu Mungu akanihurumia.” Watu wakapiga makofi, nami nikapumua hadi Jumapili nyingine.

Mwoga hakosi hila. Niligundua kwamba watoto wakichelewa kumaliza kukariri maandiko, mchungaji huruka ushuhuda na kuingia kwenye mahubiri. Basi nikajitolea kukariri. Nilianza na zaburi fupi, nikapanda, hadi nikaimeza ile ndefu kuliko zote, nikaisema polepole kama mtu anayechambua mchele. Akina mama walifuta machozi. “Huyu Nekesa ako na wito,” walimwambia mama, wakanipa Biblia ya zawadi. Niliipokea kwa mikono miwili, na mpaka leo siwezi kuifungua bila uso kuniwaka moto.

Mama naye alipata kazi aliyosema ni ya Mungu. Kila Jumamosi alikwenda hospitalini kuwaona wagonjwa walioungua, na siku moja akanichukua. Kulikuwa na msichana wa umri wangu aliyejifunika shuka gubigubi, amekataa chakula tangu jana yake. Mama hakumhubiria. Aliketi kitandani, akaukunja mkono wa gauni, akasubiri. Baada ya muda shuka ilishuka kidogo, kidole kikatoka, kikaligusa kovu.

“Bado inauma?” msichana akauliza.

“Saa hii haiumi. Kula, nitakuambia ilivyokuwa.”

Alimlisha uji kwa mkono uleule. Tukirudi nyumbani aliniambia, “Mungu hakuniunguza, Nekesa. Lakini haachi kovu likae bure. Na mficha uchi hazai.” Nilidhani anamsema yule msichana na shuka yake.

Mwaka huu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikuwa jikoni kwake mafuta yakianza kufuka, na maneno yakanitoka yenyewe.

“Mama, ile siku ilikuwa kamba yangu.”

Hakugeuka. “Najua. Si nilikuwa hapo?”

“Na mbona hukusema?”

“Haikuwa yangu kusema. Kila Jumapili nilikuwa nakuachia nafasi yako, wewe nawe unaniletea zaburi.” Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikuweza kucheka. Kumbe kule kunyamaza kwake, nilikokuogopa utoto wangu wote, kulikuwa mlango alioniwekea wazi. Yeye alikuwa amepona zamani. Aliyebaki na kidonda alikuwa mimi, naye alisimama wiki baada ya wiki akiniombea dawa mbele ya watu.

Jumapili iliyofuata nilikaa kando yake. Sasa ni mzee, husimama kwa kushika benchi. Akaukunja mkono wa gauni, akasema Bwana asifiwe, akasimulia mandazi. “Halafu…” akasema, akanyamaza kama kawaida yake.

Nikasimama.

“Halafu mimi nikaruka kamba,” nikasema.