Nilipomwondoa Kukhu Athieno Chini ya Mwamba

Mwanangu, kabla hujaendelea, uniwie radhi kwa mwandiko huu. Shule niliiacha darasa la sita, na herufi zangu bado zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Mahali nilipokosea tahajia, soma tu, utanielewa. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunichukua tangu chai ya asubuhi hadi saa nane mchana. Lakini mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, na malori yakajipanga pale mpakani Malaba hata mwisho wa foleni hauonekani, wajukuu waliniuliza kama niliwahi kuona jambo la namna ile. Sikuwajibu vizuri. Kusema mbele ya watu kumenishinda tangu ujana. Sasa nawajibu kwa kalamu, wao na wewe.

Nakumbuka asubuhi ambayo gari la wageni lilifika chini ya Mwamba wa Tororo, likasimama, kisha likageuza bila mtu hata mmoja kushuka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na uhuru wetu ulikuwa bado mpya. Nyumbani ni Buteba, lakini nilikuwa nimekwenda Tororo kutafuta kazi, na kazi niliyopata ilinifaa mimi mtu wa haya: kuwapandisha wageni mwambani. Kiongozi hutangulia, wageni wanafuata, kwa hiyo muda mwingi hakuna anayekutazama usoni. Nilionyesha kwa kidole mahali pa kushika, mahali penye utelezi, mahali ambapo nyani hunyang'anya vitu. Kule juu nilinyoosha mkono: huku Mlima Elgon, kule Kenya, basi. Jumapili walikuja Wahindi kutoka Mbale na vikapu vya chakula, na mama zao walivua viatu wakapanda na sari zao bila kuteleza hata kidogo. Siku nyingine walikuja Wazungu wa Nairobi waliokuwa safarini kwenda Jinja kuona mto Nile. Walilala kwa Mzee Salim, mwenye nyumba ya wageni, na yeye ndiye aliyekuwa akinituma.

Kazi hiyo nilipatiwa na Kukhu Athieno. Kukhu ndivyo sisi Wasamia tunavyomwita bibi. Hakuwa wa damu yangu. Alikuwa Japadhola, kabila la wenyeji wa pale, wa kijiji cha Rubongi, mjane, na aliuza njugu za kukaanga pale njia ya kupanda mwamba inapoanzia. Aliponiona nimekaa ukingoni mwa barabara siku mbili bila kumwuliza mtu yeyote kazi, alinishika mkono akanipeleka kwa Mzee Salim.

"Huyu mdomo hana," alisema, "lakini miguu anayo. Mpe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya kazi. Tangu siku hiyo, kila saa sita nilikula chakula alichokuja nacho Kukhu kutoka nyumbani.

Sasa nikuambie kuhusu uso wake. Kukhu aliugua ndui akiwa msichana mdogo. Alipona, lakini uso wote ulibaki na vishimo, na jicho moja lilikuwa jeupe. Sisi tulikuwa tumeuzoea uso huo. Mimi nilikuwa nikiuona natabasamu, maana ulimaanisha chakula.

Kisha habari za ndui zikaja. Watu wa kwetu walisema iko ng'ambo, Kenya; watu wa ng'ambo walisema iko kwetu. Pale mpakani, ambapo tulizoea kupita kama mtu anayetoka jikoni kwenda uani, sasa kila mtu alisimamishwa. Wenye magari waliteremka wakaonyesha kadi ya chanjo, na asiyekuwa nayo alichanjwa hapohapo kando ya barabara. Wageni wakapungua. Wale wachache waliokuja walibeba maji yao wenyewe, hawakutupa mkono wa salamu, na waliponifuata mwambani waliacha nafasi kubwa kati yao na mimi. Na sisi pia tulibadilika. Watoto waliokuwa wakikimbilia magari ya wageni wakipiga kelele, sasa walijificha nyuma ya nyumba magari yakipita. Watu walisalimiana wamefunga mikono mgongoni. Wazee waliozoea kuzunguka chungu kimoja cha malwa, pombe yetu ya ulezi, na kupokezana mrija walikaa kila mtu na kibuyu chake, kimya, kama watu wa matanga. Mzee mmoja aliniambia kwamba malwa ya kunywa peke yako hailevi, inahuzunisha tu.

Basi gari lile likaja asubuhi ile, na mimi nikafurahi, maana tulikuwa tumekaa wiki nzima bila mgeni. Mama mmoja wa Kizungu alifungua mlango. Akamwona Kukhu. Kukhu alimwinulia kijiko cha njugu kama alivyomfanyia kila mgeni, na akacheka. Yule mama akafunga mlango upesi. Nilimsikia akisema neno kwa mumewe, na gari likageuza kurudi Malaba.

Mzee Salim aliona yote kutoka barazani. Akaniita.

"Wandera, huyu mama yako wa njugu. Mimi nampenda, wallahi, hata mke wangu hununua kwake. Lakini mgeni akiuona uso ule, anaona ndui. Kamwambie apumzike nyumbani kidogo, mpaka mambo yatulie."

"Mimi?"

"Nani tena? Si wewe mwanawe?"

Mwanangu, maneno ya Mzee Salim yalikuwa machungu, lakini hayakuwa ya uongo. Ningeweza kuyasema hivyo hivyo. Ningeweza pia kukataa. Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya Kukhu, yeye akanijazia njugu kiganjani bila kuuliza, na maneno yote yakanikimbia. Nikasema lile lililokuwa jepesi zaidi.

"Kukhu, watu wa afya wamekataza kuuza hapa. Wamesema wote waondoke."

"Wote?"

"Wote."

Alinitazama kwa lile jicho lake moja. "Haya. Kama serikali wamesema, mimi nakwenda." Akafunga kikapu chake. Alipokwisha kukiweka kichwani, akageuka. "Na wewe saa sita utakula wapi?"

Nilisema sina njaa. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Nilidhani limekwisha. Lakini Kukhu alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hawezi kujiokoa peke yake. Alipita kwa mama wa ndizi, akapita kwa mama wa miwa, akawaambia, "Fungeni, mama, afya wamekataza, msije mkashikwa." Kufika adhuhuri, pale chini ya mwamba palikuwa peupe. Watu wakaulizana kwa nini pamefungwa, na wakajijibu wenyewe: ndui iko mwambani. Kesho yake, kwa fundi cherehani, niliambiwa habari kamili. Mgeni amefia juu ya mwamba, na mimi ndiye niliyemteremsha mgongoni.

"Sogea kule," fundi aliniambia. "Shati lako nitakutupia dirishani."

Sikubisha. Nililidaka shati langu nikaenda zangu.

Siku ya tatu, Bwana Afya alikuja kwa Mzee Salim kunywa chai. Alikuwa kijana mrefu mwenye kaptula ya kaki, sauti imemkauka. Kwa siku mbili alikuwa ameweka meza ya chanjo kwenye uwanja wa shule kule Rubongi.

"Wananikimbia," alisema. "Mama zao wanaficha watoto. Wanasema nimefukuza wauza njugu, sasa nimekuja kuchukua watoto. Mimi! Sijamfukuza hata kuku. Na upande wa Nabuyoga tumepata nyumba ina wagonjwa watatu, ndui kabisa. Leo ni siku ya mwisho hapa. Kesho nahamishia meza huko."

Mzee Salim alinitazama. Mimi niliiacha chai yangu mezani, nikakimbia njia yote mpaka Rubongi.

Nilimkuta Kukhu peke yake akichambua mtama. Nyumbani mwake aliishi na mkaza mwana wake, Apio, na mjukuu wake Owor, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akinipanda mabegani kila nilipokwenda.

"Owor yuko wapi?"

"Apio amemchukua sasa hivi tu. Anampeleka kwa mama yake Nabuyoga, mbali na hawa watu wa sindano."

Nikakaa chini mavumbini, nikamwambia yote: gari, Mzee Salim, uso wake, uongo wangu, na ile nyumba ya Nabuyoga.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliweka ungo chini.

"Ungeniambia tu, 'Kukhu, uso wako unatisha wageni.' Ningecheka. Uso huu mimi ndiye ninayeutembeza miaka hamsini, wewe unafikiri siujui? Ulionea haya mdomo wako mwenyewe, halafu ukamtwika mtu mwingine uongo. Hiyo haya gani? Haya ya kweli inaogopa kuumiza mtu. Hiyo yako inaogopa kutazamwa tu." Akasimama, akajifunga kitambaa kiunoni. "Inuka. Mtoto anakwenda."

Tulimfikia Apio kwenye njia panda. Alikuwa amesimama na wanawake wengine wanne, nao wana watoto na vifurushi, wanapumzika kabla ya kushika njia. Owor aliponiona akanyoosha mikono abebwe.

"Apio, rudi," Kukhu alisema. "Huko kuna ndui."

"Mama, si wewe mwenyewe ulisema wamekufukuza? Nirudi nikawape mtoto?"

Kukhu akanisukuma mbele. Hakuniambia la kusema. Nilikuwa na macho sita, saba, kumi yakinitazama, na wapita njia wenye baiskeli wamesimama kusikiliza.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema kwa sauti!" mmoja alipaza. "Leo bubu ana habari."

"Ni mimi niliyesema uongo. Watu wa afya hawakumfukuza mtu. Hakuna aliyefia mwambani. Nilitaka Kukhu aondoke wageni wasimwone, nikaogopa kumwambia. Rudini mkawachanjishe watoto."

Wakacheka kwanza. Apio hakucheka. Alikuja mpaka karibu, Owor kiunoni mwake.

"Juzi ulisema uongo. Na leo je? Nitajuaje hii chanjo yako si uongo mwingine?"

Mtu akishadanganya, hata ukweli wake unanuka.

Kukhu ndiye aliyejibu. Alimchukua Owor, akamshika kiganja, akakipitisha taratibu juu ya mashavu yake mwenyewe, kwenye vile vishimo, mpaka karibu na lile jicho jeupe.

"Tulikuwa sita kwa mama yetu," alisema. "Ndui ilipoondoka tulikuwa wawili, na dada yangu hakuona tena. Wakati huo hakukuwa na mtu wa kutuletea sindano. Tungemfuata kwa magoti. Apio, huyu kijana usimwamini. Mimi je, uso wangu unadanganya?"

Apio akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akanigeukia.

"Basi wewe utangulie. Uchanjwe wa kwanza, mimi naona."

Nilikuwa nimeshachanjwa nikiwa shule, na kovu ninalo. Sikulitaja. Tulirudi wote hadi uwanja wa shule, na Bwana Afya alikuwa ameanza kukunja meza. Nilipandisha mkono wa shati mbele ya wanawake watano na watu wa baiskeli, akanichanja. Kisha Owor, akalia mpaka mwambani wakamsikia. Wakaja wale wanne. Kukhu akaondoka kwenda kuita nyumba kwa nyumba, na jua lilipokuwa linashuka mstari ulikuwa umefika barabarani. Kesho yake, badala ya kuhama, Bwana Afya aliongeza siku mbili. Mimi nilishika daftari, nikaandika majina ya watoto, polepole, na kila mama aliyefika nilimwambia tena, kwa mdomo wangu, kwamba nilidanganya.

Katika ile nyumba ya Nabuyoga walizika watu wawili. Nyumba hiyo na nyumba ya mama yake Apio zilikuwa na ua mmoja.

Wageni walirudi baadaye, kidogo kidogo. Mzee Salim alikwenda yeye mwenyewe Rubongi kumwomba Kukhu radhi, akamrudisha chini ya mwamba. Na mgeni wa kwanza aliyeshtuka kumwona, nilimwambia bila kutumwa na mtu: "Huyu ni mama yetu. Aliugua ndui akapona. Amewasaidia watoto wengi wa hapa." Mgeni yule alimpa Kukhu mkono. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyokuwa nimewahi kumwambia mgeni.

Owor ni mzee sasa, ana wajukuu, na Krismasi hunitembelea. Kila nimwonapo namshukuru Mungu kwa ajili ya Kukhu, ambaye hakuninyamazia, na kwa ajili ya Apio, ambaye aliniuliza swali gumu lakini akarudi. Wangeweza kunifukuza. Walinipa nafasi ya kurekebisha nilichoharibu, na ni wachache wanaopewa nafasi hiyo wakati bado kuna muda.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuachia haya. Ugonjwa mkubwa ukija, watu wataogopana. Hilo si dhambi. Nawa, kaa mbali ukiambiwa, chanjwa. Lakini usimwondoe mtu mahali pake kwa sababu sura yake au kwao kunakukumbusha ugonjwa, maana huenda yeye ndiye anayeujua kuliko sisi wote. Na kama kuna neno gumu la kusema, liseme kwa jina lako. Usiliweke mdomoni mwa daktari wala serikali, kwa sababu siku watakapokuja na neno la kweli, hakuna atakayewasikiliza. Nawe uliye na haya kama mimi, sikuambii uwe msemaji. Sema moja tu, lililo kweli, kisha unyamaze.

Mungu akupe watu wa kukukemea wanaokupenda. Akulinde wewe na watoto walio mikononi mwako, ukivuka mpaka na ukirudi.

Uniandikie, mwanangu, hata mistari mitatu. Na kama kuna mtu uliyemfukuza mahali pake kwa hofu, niambie habari zake. Ila nenda kwake kwanza. Mimi naweza kusubiri.