Mtoto Hapimwi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Michezo wa chuo alinikabidhi filimbi isiyolia na mipira minne ya kikapu, miwili imetoboka, akaniambia: "Khalfan, hapa tuna vijana wafupi wenye mbio. Kila mwaka tunafungwa na wafupi wenzetu waliopata mrefu mmoja. Nitafutie huyo mmoja."

Nikamuuliza nimtafute wapi. Akanijibu, "Ningekuwa najua ningekwenda mwenyewe." Wakati huo nlikuwa kijana niliyetoka Unguja kuja nchi hii ya Waarabu na cheti cha ualimu wa michezo na Kiarabu cha kuombea chai. Nikachukua mipira yangu nikaenda kuiziba.

Nyinyi mnaofundisha leo mnatumiwa video kwenye simu, mnakaa kwenye kiyoyozi mnachagua watu kama mnachagua mapazia. Sisi tukitazama viatu. Msinicheke. Kijana mwenye mguu mkubwa, na bado anakua, ana mwili unaokuja nyuma yake. Basi kila Ijumaa nlikuwa nabadilisha msikiti, leo mtaa wa Ruwi, wiki ijayo Wattaya, nikishamaliza kuswali nakaa karibu na mlango natazama makubadhi. Siku moja nikaona jozi kubwa ajabu, nikaisubiri mpaka msikiti ukabaki mtupu. Akatoka mzee mfupi, tumbo mbele, kavaa viatu vya mwanawe. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Ami, na mwanao yuko wapi?" Mzee wa watu alidhani nimetumwa na polisi.

Mchezaji tuliyekuwa tunamtafuta ni mtu wa kati, yule anayekaa chini ya kapu. Kazi yake ni kuudaka mpira uliokosa ukarudi kutoka ubaoni, ndiyo ribaundi hiyo, na kusimama baina ya adui na kapu. Kudunda mpira kunafundishika, kulenga kunafundishika. Urefu haufundishiki. Kwa hivyo unamchukua mrefu akiwa mbichi, hajui hata mpira unashikwa vipi, unakaa naye jikoni miaka miwili au mitatu. Wengi hawaivi. Nimewapika wengi waliokuja kuwa makarani wazuri sana.

Unaanza na miguu. Mrefu hana habari na miguu yake, iko mbali naye. Nlikuwa nawarusha kamba wiki nzima nzima bila kuwaonesha mpira, wakinung'unika. Halafu egemeo: mguu mmoja unaugandisha chini, mwengine unazunguka, ukinyanyua ule wa kwanza umefanya kosa. Halafu kumfungia mtu nje, yaani mpira ukiwa hewani wewe huutazami, unamtafuta adui kwa mgongo wako unamkalia asipite. Na mwisho kulia-kushoto: unasimama chini ya kapu, unatia kwa mkono wa kulia, unaudaka kabla haujagusa ardhi, unatia kwa wa kushoto, mpaka mabega yanawaka moto na unamchukia mwalimu wako. Hapo ndipo unaanza kujifunza.

Nilifanya kazi hiyo chini ya wakuu wawili. Katikati nikaazimwa skuli moja ya Ruwi, nikarudi chuoni nikiwa na mvi. Mkuu wa kwanza alikuwa mkali, lakini akinywa chai na sisi. Wa pili alikuja na saa kubwa mkononi na picha za vikombe ukutani, vikombe vya chuo alichotoka. Ni katika zama za huyo wa pili ndipo nilipompata Hilali.

Ilikuwa Wattaya, msikiti ulio nyuma ya maduka ya magari. Makubadhi yalikuwa mlangoni, kila moja ungeweza kuandalia samaki. Nikangoja. Akatoka kijana ameinama, maana mlango ule haukujengewa yeye, akaniona nimesimama juu ya viatu vyake akasema, "Samahani, ami." Yeye ndiye aliyeomba radhi! Alikuwa amemaliza skuli, anamsaidia mjomba wake dukani kuuza vipuri. Baba yake alikwishafariki. Nikamuuliza kama anacheza mpira wa kikapu. Akasema hajawahi, anaogopa ataumiza watu.

Jioni ile ile nikaenda kwao. Mama yake, Bi Zuwena, alinikaribisha kwa kahawa na halua, tukaulizana kwetu na kwao, tukakuta bibi yake na bibi yangu walikaa mtaa mmoja Ng'ambo, Unguja. Mambo yakawa mazuri. Mpaka nilipouliza, "Na huyu kijana ana urefu gani?"

"Sema mashaallah!"

"Mashaallah, bibi, mashaallah."

"Sikiliza, Maalim. Kwetu mtoto hapimwi. Anayepimwa ni maiti, apate sanda yake. Huyu toka azaliwe hajasimamishwa ukutani akapigwa alama, na hatosimamishwa. Nguo zake nakata mwenyewe, naweka kanzu ya zamani juu ya kitambaa napita na mkasi. Ukitaka kumfundisha mpira mfundishe. Lakini utepe usimguse, wala hesabu ya urefu wake isitajwe katika nyumba hii."

Marehemu mama yangu naye akiyasema hayo hayo. Sikumcheka. Nikampa ahadi, na Hilali akaingia chuoni mwaka ule.

Mkuu wa Michezo alichemka. "Mchezaji gani hana urefu? Nikiulizwa nitasema nini?"

"Sema ni mrefu," nikamwambia. "Atakayemuona hatouliza tena."

Alikuwa mbichi, tena mbichi wa kuliza. Mpira ukimpiga kifuani akiutazama kama mgeni asiyemjua. Lakini alikuwa msikivu, na alikuwa na mikono, Mtume! Akisimama wima vidole vinakaribia magoti. Mwaka wa pili akaanza kuelewa. Mpira unarudi ubaoni, watu wanaruka, na mkono mmoja unatoka juu ya vichwa vyote unauchukua taratibu. Halafu anamgeukia aliyemkosesha, anamwambia, "Samahani, ndugu yangu."

Nlikuwa napiga kelele mpaka sauti inakauka. "We Hilali! Uwanjani mtu haombwi radhi! Umechukua chako!"

Anacheka. "Samahani, Maalim."

Nnampenda mpaka leo, siwezi kusema vyengine. Sikujaaliwa mtoto wa kiume, na mrefu aliyeiva mikononi mwangu ni yeye peke yake.

Mwaka ule wa pili wakatuletea daktari wa moyo, mama wa makamo, aje kuwafundisha walimu wa michezo. Akasema kuna maradhi ya kuzaliwa nayo yanayojificha kwa watu warefu. Yanawapa vidole virefu, kifua kilichoingia ndani, macho dhaifu, na mikono ambayo ukiinyoosha pande zote mbili inapita urefu wa mtu mwenyewe kwa mengi. Mtu anaonekana mzima kama chuma, kumbe mshipa mkuu unaotoka moyoni unatanuka kidogo kidogo, na siku anapojikaza sana unapasuka. "Wapimeni," akasema. "Utepe tu. Halafu nileteeni."

Nikaanza kuhesabu moja moja. Hilali akivaa miwani. Kifua chake kina bonde. Na kila kanzu yake, sasa nakumbuka, ina mshono karibu na kiwiko, pale kitambaa kilipoungwa kurefusha mikono.

Nikaenda kwa Bi Zuwena, nikamueleza yote bila kuficha. Akaniongezea kahawa nisiyoiomba. Mwisho akasema, "Kampimeni huko huko. Nisione, nisisikie." Akainuka akaenda zake ndani, kahawa yangu haijaisha.

Nikampima uwanjani kwa utepe wa fundi seremala. Urefu, mita mbili na sentimita saba. Mikono iliyonyooshwa, mita mbili na sentimita kumi na tisa. Nikarudia, maana nlitaka niwe nimekosea. Hilali akaniuliza, "Nzuri, Maalim?" Nikamwambia twende kwa daktari.

Daktari akamuweka kwenye mashine, akatuonesha mshipa wenyewe kwenye kioo. Umevimba kama mpira wa baiskeli uliochoka. Akampa dawa, akasema huenda baadaye akahitaji kupasuliwa, na kuhusu mpira akasema neno moja: basi. Kutembea sawa, kuogelea polepole sawa. Kukimbia, kuruka, kusukumana, marufuku.

Tukarudi garini. Tulipofika Ruwi, karibu na kituo cha mabasi, akasema, "Maalim, maisha yangu yote nimeinama. Milangoni, garini, kwenye picha za skuli wananiweka nyuma. Pahala pamoja tu nilisimama wima. Sasa mwili huu niufanyie nini?"

Nlimwambia, "Uishi nao." Nnajua lilikuwa jawabu baridi, lakini ndilo la kweli.

Fainali ya vyuo ilikuwa imekaribia. Mkuu wa Michezo aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mchezo mmoja tu, Khalfan. Amecheza miaka miwili hakufa."

"Hachezi."

"Wewe ni daktari?"

"Daktari kashasema. Mimi nasema kwa kuwa ndiye ntakayemtazama mama yake usoni."

"Basi tafuta kazi nyengine ya kufanya hapa."

Nikaitafuta. Nikawekwa chumba cha ratiba, kupanga nani anatumia uwanja saa ngapi, mimi na feni. Lakini Hilali hakucheza, na ile fainali tulifungwa, na nlifurahi. Wallahi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nlifurahi kufungwa.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Kukatokea timu moja ya mtaani, watu wake hawaulizi maswali, wakamuona, wakamtaka. Alikuwa ameshaacha chuo. Mjomba wake akaninong'oneza kuwa kijana anafanya mazoezi. Nikatoka kumtafuta, nikamkuta barabara ya kushukia kijiji cha Qantab, anapanda mlima mbio, shati limeganda mwilini. Nikasimamisha gari mbele yake.

"Unataka kufa, Hilali?"

"Kila mtu atakufa, Maalim."

"Usiniletee maneno ya matangani! Mama yako anajua?"

Akatazama chini. Kisha akajinyoosha, akasimama wima kabisa pale barabarani, nikalazimika kuinua uso kumtazama. "Ulinifundisha mwenyewe nisiombe radhi kuchukua kilicho changu. Leo siombi." Akanizunguka kwa egemeo safi, mguu wa kushoto chini, wa kulia ukizunguka, kama nilivyomfundisha. Akaendelea kupanda.

Nilikwenda kwa viongozi wa timu ile, nikawaambia maradhi yake. Wakasema mwenyewe kawaambia ni mzima. Nikaenda kwa Bi Zuwena. Yeye akalia, akamkataza, akamfichia viatu. Mtu mzima utamfungia wapi?

Alianguka mazoezini, mchana, mpira umo mikononi mwake. Walisema alichukua ribaundi, akatua kwa miguu yote miwili, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Alikuwa ameshaondoka kabla gari la wagonjwa halijafika.

Makaburini jua lilikuwa kali. Tulipofika na jeneza, wachimbaji walitazama, wakatazamana. Kaburi lilikuwa la mtu wa kawaida. Mmoja wao, mtu mzima, akauliza kwa adabu, "Marehemu ana urefu gani, tuongeze?" Mjomba mtu hakujua. Binamu zake hawakujua. Hapana aliyejua, hata sanda ilikatwa kwa kukisia. Katika watu wote wale waliojaa pale, aliyejua nlikuwa mimi. Nikataja. Wakashuka tena na majembe, na sisi tukasimama na jeneza juani tukisikia mawe yanavyogongwa.

Mjomba alikwenda kumueleza dada yake. Bi Zuwena akaniletea maneno kupitia kwake: "Mwambie Maalim, nlimkataza kumpima." Tokea siku ile mlango wake ukafungwa kwangu. Nikenda Idi, naambiwa bibi kalala. Nikipeleka salamu, hazirudi. Sikumlaumu. Kampoteza mwanawe, na mwenye utepe ni mimi.

Nikastaafu katika chumba kile kile cha ratiba. Walinipa keki na saa ya ukutani. Kama mnataka nasaha ya mzee, ninayo hii tu: mkimuona mrefu, msitazame kapu, tazameni mikono yake, mpimeni, mpelekeni kwa daktari kabla hamjamrusha kamba. Mkiambiwa kwao hakupimwi, kaeni, nyweni kahawa yao, mrudi kesho, mrudi tena. Na akikatazwa mpira, mtafutieni kitu chengine cha kumsimamisha wima kabla hajakitafuta mwenyewe. Hilo mimi sikulipata, na kila siku naliwaza.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Bi Zuwena ananiita. Nilimkuta amekonda, amekaa kwenye zulia, na mbele yake kanzu za Hilali zimekunjwa, nyeupe zote. Akanimiminia kahawa mwenyewe. Tukaulizana hali. Kisha akasema, "Maalim, mwanangu alikuwa na urefu gani?"

Nikatazama mlango.

"Sema."

"Mita mbili na sentimita saba. Mashaallah."

"Mashaallah ya nini tena? Jicho halimfikii aliko." Akapitisha mkono juu ya kanzu ya juu. "Na mikono?"

Nikamtajia.

Akaifunua kanzu ile, akanionesha mshono karibu na kiwiko, akaushika kwa vidole viwili. "Kila Idi, Maalim, nlikuwa nakata kwa kanzu ya mwaka jana. Mwili naongeza kidogo. Mikono naongeza mara mbili yake. Kila Idi. Nikaona hii si sawa, nikaona kabla yako wewe." Akaikunja upya, akailaza juu ya nyengine. "Nikajiambia, nisipokipima, hakipo."