Mafaili Yote ya Kilima

Ile sentensi niliiandika asubuhi moja mtaani Magarama, mjini Gitega, chai ikipoa pembeni, na haikunichukua hata dakika tano: "Zana hii inaorodhesha mafaili yote ya kilima unachokitaja." Maneno manane tu.

Ofisi yetu ya hapo ilikuwa ndogo, ya kusaidia watu wenye kesi za mashamba. Wenzetu wa tawi la Muyinga walikuwa wameskani karatasi za watu, kilima kwa kilima, kama vijiji vinavyoitwa kwetu, na sisi tulitengeneza wakala, programu ya akili mnemba, wa kuzitafuta. Wakala huyo haoni yaliyomo kwenye kompyuta. Anapewa zana chache, na kuhusu kila zana anajua kile tu alichoandikiwa. Ukimwandikia uongo, atauamini na kuurudia kwa adabu zote. Kazi ya kumwandikia nilipewa mimi kwa sababu nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili changu, walisema, kimenyooka. Niliipenda sana sifa hiyo, mjinga mimi.

Zana yenyewe ilitengenezwa na mwenzangu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Nilimwuliza kama inaingia hadi kwenye folda zilizo ndani ya folda.

"Non, inaishia ya juu. Za ndani haionyeshe," alinijibu. "Lakini fupisha, mon cher. Ile machine haipende maneno mingi."

Nikafupisha. Nilijiambia, nani angeweka folda ndani ya folda ya kilima?

Swali hilo linanitia aibu mpaka leo. Sisi tuliorudi kutoka kambini tumepangwa foleni ya pembeni tangu siku tuliposhuka kwenye lori: foleni yetu ya maharage, foleni yetu ya vitambulisho, foleni yetu ya kuandikisha watoto shule. Wenzetu wa Muyinga walifanya walivyozoea, bila ubaya wowote. Ndani ya folda ya kila kilima walifungua nyingine ya waliorudi, wakaweka karatasi zetu humo. Na mimi, mtoto wa foleni hiyo, ndiye niliyeisahau.

Niligundua kwa bahati. Hati ya shamba la mama yangu, kilima cha Gishubi, niliiskani kwa mkono wangu mwenyewe, na siku moja niliihitaji. Wakala akanijibu kwamba amekagua mafaili yote ya kilima hicho na hati hiyo haipo. Nilifungua folda moja baada ya nyingine, nikaikuta imetulia kule ndani, wenzetu walipoihamishia. Siku hiyohiyo nilirekebisha maelezo: inaonyesha mafaili ya ngazi ya juu tu, folda za ndani haizionyeshi, usiseme kitu hakipo kabla ya kuzitafuta. Majuto ni mjukuu, na mimi sijaoa lakini wangu alishazaliwa.

Kisha nikatafuta ni nani mwingine aliyewahi kuambiwa "hakuna". Nikampata mjane mmoja wa Gashoho, aliyerudi kutoka Tanzania kama sisi. Marehemu mumewe na ndugu yake walikuwa wamegawana shamba kwa maandishi na vidole gumba. Karatasi yenyewe ilioza mvua ilipovunja paa, ikabaki nakala yetu tu. Shemeji huyo alipodai shamba lote, baraza la kilima lilisomewa jibu la wakala. Mafaili yote yamekaguliwa, hakuna hati. Yule mama akapoteza kesi.

Nakala yake ilikuwa kwenye folda ya ndani. Niliichapisha, nikampelekea mwenyewe.

Nilichelewa. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita, shemeji alikuwa ameshauza, na aliyenunua alishang'oa mibuni yote. Mashina yalikuwa yamelala kando ya njia, mizizi juu. Mama aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaniomba nimsomee. Nilisoma yote, na jina la mumewe. Nilipomaliza aliikunja, akaiweka kifuani ndani ya kitenge.

Nilikuwa nimekuja kumwambia ukweli, kwamba kosa lilikuwa langu. Njia nzima nilikuwa nikiupanga, huyu hodari wa maneno yaliyonyooka. Lakini yeye alishawaita majirani.

"Njooni mmwone huyu," alisema. "Mashine yao ilinikana mbele ya watu. Huyu ni mtoto wetu wa kambini, yeye hakukubali, ametafuta mpaka ameipata. Nilijua sikusema uongo. Mungu akuweke, mwanangu."

Majirani wakanishika mkono mmoja mmoja. Aliniletea maharage na ndizi katika sahani ya bati, sahani iliyokuwa moja tu, wakasimama wakinitazama nikila. Nikala yote, nikamwambia, "Asante, mama."