Malewa ya Mama Mkwe

Miaka ile ya vita niliogopa watu wawili: askari wa vizuizi vya barabarani na mama mkwe wangu wa Mbale. Askari, angalau, walikuwa wakichoka.

Binti yangu alikuwa na saratani ya damu. Daktari wa Kampala alimwanzishia sindano za mshipa na za mgongo, pamoja na vidonge vilivyomtia njaa ya ajabu. Ng'ambo walikuwa wakipandikiza uboho, alisema, lakini sisi hata kufika Mbale kulihitaji dua. Akanionya kwamba mtoto atanawiri mapema, ila tiba ni ya miaka. Tukiikatisha, ugonjwa utarudi.

Kati ya sindano na sindano nilimwacha kwa bibi yake, mimi nikarudi Jinja kwenye duka langu la vitambaa. Bibi akampa vidonge, na malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Mashavu yakajaa yakawa duara. Mtaa mzima ukasifu, na mama mkwe akavimba kichwa.

Nilipokwenda kumchukua, alisimama mlangoni.

"Mjukuu wangu kapona. Malewa yamemponya. Unampeleka kuchomwa tena kwa kosa gani?"

Nilimwogopa, lakini namjua: hakatai ubishi. "Basi mama, twende ukamwambie daktari mwenyewe."

Akajifunga buibui upesi.

Njiani, kwenye kizuizi, askari alichungulia dirisha la basi. "Mama, hii mtoto nakula nini? Sisi njaa nauma!"

"Malewa, afande," akajibu, akamweleza mapishi yote, hata kiasi cha chumvi. Askari akasikiliza, bunduki begani.

Wodini tulikuta watoto wengi, na karibu wote walikuwa na mashavu yaleyale. Mama mkwe alipita kitanda hadi kitanda akiuliza wanakula nini. Huyu uji, yule posho ya hospitali. Hakuna aliyeonja malewa. Sauti yake ikazidi kupungua.

Kwenye kitanda cha mwisho alilala mtoto mkondefu. Mama yake alimtazama binti yetu.

"Wangu pia alinona hivi," alisema. "Tukasema amepona, tukaacha dawa."

Mama mkwe alimnyanyua mjukuu wake, akambana kifuani, na machozi yakanitoka mimi.

Daktari alipoingia na sindano ya mgongo, nilingoja ule ubishi.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia daktari, "nimshike wapi?"